Bei ya Umeme wa Nyumbani na Matazamio Yake

Umeme umekwisha kuingia vijijini, na pamoja nao limeingia swali: kwa nini wanachama wawili hutoa fedha sawa, mmoja akapata uniti nyingi na mwenziwe chache? Jibu lamo katika madaraja ya bei.

Bei hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), wala si na wakala auzaye LUKU. Kwa viwango vya mwaka 2016, mteja wa daraja la D1, ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti. Inayozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa daraja la T1 hutozwa shilingi 292 tangu uniti ya kwanza. Kodi na tozo huongeza asilimia 22. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, si bei ya umeme, isichanganywe nayo.

Tuseme kaya tatu hutumia uniti 40 kila moja. Zikiwa na mita zao katika D1, zitalipa jumla ya shilingi 14,640 kwa mwezi. Zikichangia mita moja, uniti ni 120. Mita hiyo ikihamishiwa T1, malipo yatakaribia shilingi 42,750. Hivyo, aonaye ameokoa gharama ya kuunganishiwa umeme huenda akailipa mara nyingi.

Je, bei itashuka? Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia katika gridi ya Taifa Februari 2024, na yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Maji hayanunuliwi kama mafuta, kwa hiyo tumaini lipo. Hata hivyo, ujenzi, nguzo na nyaya lazima vilipiwe, na mvua haina mkataba na mtu. Si busara kuweka punguzo lisilotangazwa katika makisio ya chama.

TANESCO ikiomba kubadili bei, EWURA hukusanya maoni ya wananchi kabla ya kuamua. Ni wajibu wa makatibu kuwaeleza wanachama madaraja haya, kuwahimiza watunze stakabadhi za manunuzi, na kufikisha hoja zao zikiwa na hesabu. Malalamiko yasiyo na tarakimu hayamsaidii mwanachama.