Usichomeke Kabla ya Kusoma: Mashine za Stima Kutoka Ng'ambo

  Mama, baba, nyanya na kila mlezi anayetusikiliza kutoka Malaba, Amagoro, Adungosi, Nambale na Matayos hadi Busia mjini, vuta kiti ukaribie.

Leo hatuzungumzii homa wala chanjo. Tunazungumzia plagi. Huenda ukauliza, muuguzi na plagi wapi na wapi? Jibu ni kwamba siku hizi vifaa vingi vya kumtunza mtoto vinatumia stima, na vingine vinatufikia kutoka mbali. Dada yako aliye Marekani anakutumia mashine ya kumpulizia mtoto dawa ya pumu, ile inayoitwa nebulaiza. Rafiki anakuletea pampu ya kukamulia maziwa. Mwingine ananunua kifaa cha kupasha chupa joto kwenye bidhaa za mitumba. Kifaa kinafika, plagi yake haiingii kwenye soketi, na mama anaambiwa, "Tafuta adapta tu, itafanya kazi." Hapo ndipo hatari inapoanzia. Adapta peke yake inaweza kuiunguza mashine ambayo mtoto anaitegemea, na moto huo unaweza kuenea nyumbani.

Stima yetu na stima ya wenzetu

Stima ya Kenya ni ya volti 240, na plagi yetu ina pini tatu za pembe nne. Uganda ni vivyo hivyo. Ndiyo maana pasi uliyonunua upande wa pili wa mpaka inafanya kazi nyumbani kwako bila shida. Uingereza pia wanatumia plagi kama yetu, na nguvu ya stima yao inakaribiana na yetu.

Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi plagi ya pini mbili za mviringo, lakini volti zao ni 220 au 230. Umbo ni tofauti, nguvu ni karibu sawa.

Marekani na Kanada ndiko kwenye tofauti kubwa. Plagi yao ina pini mbili bapa, na stima yao ni volti 120, yaani nusu ya yetu. Japani ni volti 100 tu. Kifaa kilichoundwa kupokea volti 120 kikipewa 240, kinasongwa kama mtoto mchanga anayemiminiwa uji kwa jagi badala ya kijiko. Tena kwa kifaa cha kupasha joto, volti zikizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Kinaweza kuungua katika muda mfupi sana.

Na wewe mama unayejiandaa kwenda kazini Saudia, Imarati, Qatar au Omani, usiwe na wasiwasi. Huko plagi ya pini tatu kama yetu hutumika sana, na volti ni kati ya 220 na 240. Chaja yako ya simu haihitaji transfoma.

Adapta si transfoma

Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haipunguzi nguvu ya stima. Kazi yake ni kama ya mkalimani anayekufungulia mlango. Mzigo unaobeba unabaki uleule. Transfoma ndiyo inayopunguza volti 240 zikawa 120. Muuzaji akikuambia vyote ni kitu kimoja, mwombe akuonyeshe maandishi.

Utajuaje unachohitaji? Geuza kifaa, au angalia chaja yake, utafute kibandiko kidogo. Tafuta neno INPUT, kisha usome nambari zinazolifuata.

Ukiona 100-240V, 50/60Hz, shukuru. Kifaa hicho kinakubali stima ya nchi karibu zote. Unahitaji adapta tu. Chaja nyingi za simu na kompyuta za kubeba, na baadhi ya pampu za maziwa, ziko hivi.

Ukiona 220-240V, 50Hz, kifaa ni cha stima kama yetu. Kama plagi yake ni ya pini mbili za mviringo, tafuta adapta nzuri au mwambie fundi akuwekee plagi ya pini tatu yenye fyuzi inayofaa.

Ukiona 110V, 115V au 120V peke yake, simama hapo. Adapta haitoshi.

Kama kibandiko kimefutika, usijaribu kwa kubahatisha. Mpelekee fundi wa stima. Na kama kifaa kina swichi ndogo ya kuchagua kati ya 110 na 220, iweke upande wa 220 kabla ya kuchomeka, si baada.

Ukilazimika kununua transfoma

Kwanza, hakikisha inapunguza volti: iingie 220-240, itoke 110-120. Pili, angalia kama ina nguvu ya kutosha. Nguvu hupimwa kwa wati. Zidisha volti za kifaa kwa nambari iliyoandikwa A. Kwa mfano, kifaa cha 120V na 1.5A kinatumia wati 180. Lakini kifaa chenye mota huvuta stima nyingi kinapoanza, kwa hivyo zidisha mara mbili upate 360, kisha uchukue ya wati 500.

Tatu, angalia ni ya aina gani. Zipo ndogo nyepesi zinazotengenezewa wasafiri kwa ajili ya pasi na vikaushia nywele. Hizo hazifai mashine za hospitali wala kifaa chochote chenye mota. Transfoma yenye chuma na shaba ndani huwa nzito mkononi, na hiyo ndiyo ya kutafuta.

Nne, kumbuka alama ya Hz. Stima yetu ni 50Hz, ya Marekani ni 60Hz, na transfoma haibadilishi jambo hilo. Mota iliyoundwa kwa 60 itazunguka polepole ikiwa kwetu, na huenda ikapata joto zaidi ya kawaida. Kwa nebulaiza maana yake ni kwamba hewa inayosukumwa inapungua, na dawa inaweza kumfikia mtoto pole pole kuliko inavyotakiwa.

Mtoto wa pumu asingoje mashine

Kwa sababu hiyo, mama, kabla jamaa yako hajanunua nebulaiza huko ng'ambo, mpigie simu. Mwambie atafute ya volti 220-240, 50Hz, au ile iliyoandikwa 100-240V. Au atume pesa ununue hapa nchini, mahali ambapo utapewa risiti na warantii.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtoto mwenye pumu si lazima awe na mashine ya stima. Dawa ya kupuliza ya mkebe, ikitumiwa pamoja na chombo kinachoitwa spesa, inamsaidia mtoto vizuri sawa na nebulaiza katika mashambulio mengi ya pumu. Spesa haitumii stima, kwa hivyo hata stima ikipotea usiku, dawa inapatikana. Inaweza hata kutengenezwa kwa chupa safi ya plastiki ya mililita 500. Usijaribu kuikata kwa kukisia. Nenda kliniki uonyeshwe namna ya kuitengeneza, na uambiwe mtoto wako apulizwe mara ngapi. Kila mpulizo mmoja, mwache avute pumzi tatu hadi tano kabla ya mwingine.

Lakini kama mtoto anashindwa kunyonya au kuzungumza, kifua kinabonyea ndani anapopumua, au midomo inageuka rangi ya buluu, usibaki nyumbani kupuliza dawa. Mpulize ukiwa njiani kwenda hospitali.

Kalamu kwenye soketi

Kuna mtindo tunaoufahamu sote. Plagi ya pini mbili haiingii, basi mtu anasukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi mpaka matundu ya chini yafunguke. Mama, acha mtindo huo leo. Yale matundu yamefungwa ili kumlinda mtoto. Mtoto anaangalia, na kesho atajaribu kwa kijiko cha chuma. Tena pini za mviringo hazikai vizuri kwenye soketi yetu; zinalegea, zinatoa cheche, na soketi inayeyuka.

Nunua adapta inayokaza vizuri, isiyotikisika, yenye fyuzi, na yenye alama ya ubora ya KEBS. Fyuzi ikikatika, weka fyuzi nyingine ya kiwango kilekile. Usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi hukatika ili nyumba isiungue.

Transfoma ikiwa kazini, iweke mahali pakavu ambapo mtoto hafiki. Usiifunike kwa nguo, maana inahitaji hewa. Ukimaliza, ichomoe.

Ajali ikitokea

Mtu akishikwa na stima, usimguse. Zima swichi kubwa kwanza. Usipoifikia, simama mahali pakavu umsukume mbali na waya kwa mti mkavu, kama vile mpini wa ufagio. Kama hapumui, ita msaada, na anayejua huduma ya kwanza aanze mara moja.

Aliyeungua, mimina maji safi ya baridi kwenye kidonda kwa dakika 20, ukishazima stima. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Funika kwa kitambaa safi. Hata kama kidonda ni kidogo, mpeleke hospitali, kwa sababu stima huweza kuumiza ndani ya mwili ambapo jicho halioni.

Tukumbushane

Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Adapta hubadilisha umbo, transfoma hupunguza nguvu. Kifaa cha 120V kisiguse soketi yetu bila transfoma. Na mwenye mtoto wa pumu, ulizia spesa kliniki wiki hii.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu:
1. Ni kifaa gani nyumbani kwako kilichotoka ng'ambo? Kibandiko chake kinasemaje?
2. Swichi kubwa ya stima nyumbani kwenu iko wapi, na nani anaweza kuifikia haraka?
3. Stima ikipotea usiku, mtoto mwenye pumu atapewaje dawa?

 Mfikishie jirani yako ujumbe huu.