Kabla ya Kura ya Tarehe

Makundi ya mtandaoni ya Waswahili walioko Johannesburg, yawe ya watu waliotoka wilaya moja, ya waliosoma shule moja au ya wapenzi wa ushairi, yamezoea kupanga mkutano wa ana kwa ana kwa njia moja: kura ya tarehe inafunguliwa kwenye WhatsApp, tarehe iliyopata alama nyingi inatangazwa, mji unatajwa baadaye kana kwamba ni jambo la pembeni, kisha zikibaki wiki mbili zinaanza kuingia sauti za waliopiga kura lakini hawatafika, huyu viza yake haijatoka, yule kibali chake kimekwisha, mwingine cheti chake cha chanjo hakijatimiza siku. Utaratibu huo umepinduka. Kura ndiyo inayopaswa kuja mwisho, kwa kuwa mji na tarehe huamuliwa kwanza na karatasi walizo nazo wanakundi, na nafasi ya kuchagua inayobaki baada ya karatasi hizo kuhesabiwa ni finyu kuliko kura inavyoonyesha.

Mojawapo ya jumuiya za mtandaoni zinazofahamika kwa kukutana ana kwa ana barani Afrika ni ile ya wahariri wa kujitolea wa Wikipedia, ambayo ndani yake wamo wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003. Mkutano wao wa bara zima, uitwao WikiIndaba, ulifanyika kwa mara ya kwanza Johannesburg mwezi Juni 2014, ukarudi katika mji huo huo Oktoba 2024. Nao mkutano wao wa dunia, Wikimania, ulifanyika Cape Town Julai 2018, wiki ile ile ilipotimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Nelson Mandela, na ukafika Nairobi Agosti 2025. Inafaa kuangaliwa kwamba miezi ya Julai na Oktoba haina hata sikukuu moja ya kitaifa nchini Afrika Kusini, jambo ambalo kundi dogo la diaspora lingeliona kuwa kasoro, ilhali kwa mwandaaji anayetafuta hoteli yenye nafasi na ndege yenye nauli ya kawaida ni faida tupu. Tofauti ni kwamba jumuiya hiyo ina mfuko wa kuwalipia baadhi ya washiriki tiketi na watu wa kufuatilia viza zao, na kundi la kawaida la vitongoji vya Johannesburg kama Mayfair au Yeoville halina kimojawapo; kwa hiyo linalazimika kuwa na hesabu kali zaidi kuliko wakubwa, wala si legevu zaidi.

Hesabu ya kwanza inahusu wageni wanaoingia. Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi yasiyozidi siku 90, na Mkenya naye amepata nafuu hiyo tangu Januari 1, 2023, baada ya mazungumzo ya marais wa nchi hizo mbili jijini Nairobi Novemba 2022, ingawa kwake siku 90 hizo hujumlishwa katika mwaka mzima wa kalenda, si kwa kila safari. Mganda, Mrundi, Mnyarwanda na Mkongo wa Bukavu au Goma hawamo katika nafuu hiyo. Wao wanahitaji viza ya matembezi iliyokwisha kutolewa kabla ya kupanda ndege. Katika kundi la Waswahili la mtandaoni watu hawa wote huzungumza kwa lafudhi zinazokaribiana na kutaniana kama ndugu, na ndiyo sababu viongozi wa kundi husahau kwamba mbele ya dirisha la uhamiaji wao si ndugu hata kidogo.

Hapo penye viza ndipo wengi wanaponaswa, na akili yao haistahili kulaumiwa. Mwombaji anatakiwa aoneshe nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi, aoneshe mahali atakapolala, aoneshe taarifa za benki za miezi ya karibuni, na wakati huo huo anashauriwa rasmi asikamilishe mipango ya safari mpaka viza itoke. Maana yake ni kwamba tarehe lazima ijulikane kabla ya maombi, lakini haiwezi kuaminika mpaka baada ya majibu, na mwenye kukosa majibu kwa wakati huambiwa tu aendelee kusubiri, kana kwamba mkutano wa watu 80 nao unaweza kuketi kwenye benchi ukisubiri. Barua ya mwaliko nayo ni chanzo cha maombi mengi kurudishwa: inapaswa kuandikwa na mwenyeji mwenye jina, anwani na hadhi halali nchini, iambatane na nakala iliyothibitishwa ya kitambulisho au kibali chake, yaani nakala iliyogongwa muhuri na afisa wa viapo, huduma ambayo vituo vya polisi vya Afrika Kusini hutoa bila malipo, na tarehe zilizomo zilingane siku kwa siku na zile za nafasi ya ndege. Barua inayosema tu kwamba kundi la WhatsApp linamkaribisha fulani haina uzito wowote, kwa kuwa kundi halina kitambulisho, na barua moja iliyosainiwa na katibu ambaye kibali chake mwenyewe kina wasiwasi humdhuru mgeni na katibu kwa pamoja. Kutokana na hayo, miezi mitatu kati ya kutangazwa kwa tarehe na siku ya mkutano ndicho kipimo cha chini cha busara pale ambapo hata mgeni mmoja anahitaji viza.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho wasafiri hukiita kadi ya njano, kina hila yake ndogo. Afrika Kusini hukidai kwa msafiri anayetoka katika nchi zilizoorodheshwa kuwa na hatari ya ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo, na vilevile kwa aliyepitia uwanja wa ndege wa nchi ya namna hiyo kwa zaidi ya saa 12, kwa hiyo Mtanzania aliyenunua tiketi rahisi yenye kulala Nairobi au Addis Ababa anaweza kudaiwa cheti ambacho mwenzake aliyeruka moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadaiwi. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, lakini huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Anayechanjwa Jumatatu ili asafiri Ijumaa amejichanja kwa faida ya afya yake tu.

Hesabu ya pili, ambayo makundi mengi hayaifanyi kabisa, inahusu wenyeji wasioweza kutoka. Kila mara Johannesburg inapoonekana ghali au ya kutisha, hutokea wa kupendekeza Maputo, ambako barabara ya N4 inafika kwa mwendo wa siku moja na pwani inawakumbusha watu nyumbani, au Nairobi, ambako kila mtu ana jamaa. Pendekezo hilo ni zuri kwa mwenye ukaazi wa kudumu. Kwa mwenye hati ya muomba hifadhi, yaani karatasi inayotolewa chini ya kifungu cha 22 cha Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 kwa mtu ambaye ombi lake bado halijaamuliwa, kuvuka mpaka ni kuipoteza hati yenyewe na pengine kulizika ombi zima; naye aliyekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi chini ya kifungu cha 24 anaweza kuomba hati ya kusafiria ya wakimbizi, lakini hati hiyo haimruhusu kwenda nchi aliyoikimbia, na kuipata kwenyewe ni safari ndefu ya foleni. Wakongo wengi wa Yeoville na Berea wamo katika mojawapo ya makundi haya mawili. Kuna pia aliyepitisha muda wa kibali akakaa kimya: akitoka nchini baada ya kuzidisha siku zisizofika 30 anaweza kutangazwa kuwa mtu asiyetakiwa kwa miezi 12, na akizidisha siku 30 adhabu hupanda hadi miaka mitano. Idara ya Mambo ya Ndani, ambayo ucheleweshaji wake ndio uliowafanya wengi wakose vibali vipya, hutoa nafuu ya muda kwa waliokwisha kuomba na kusubiri majibu, kisha huiongeza kwa waraka unaotoka siku za mwisho mwisho, hata msafiri hajui Jumatano kama Ijumaa ataruhusiwa kurudi. Mkutano haupangwi juu ya waraka wa aina hiyo. Kundi lenye wanachama wa namna hii likutane ndani ya Afrika Kusini, na kama Johannesburg haipendezi, Durban ipo, pwani ipo na hakuna mpaka wa kuvuka.

Suala la tarehe huwa jepesi baada ya hayo, ila lina mitego yake. Sheria ya Sikukuu ya Afrika Kusini ya mwaka 1994 inasema kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata nayo ni ya mapumziko, lakini haisemi lolote la namna hiyo kuhusu Jumamosi. Ndiyo maana Agosti 9 ya mwaka 2026, Siku ya Wanawake, inayoangukia Jumapili, inaleta mapumziko ya Jumatatu, ilhali Machi 21 ya mwaka huo huo, Siku ya Haki za Binadamu, inaangukia Jumamosi na kumezwa. Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ni Saba Saba na mapumziko kwa Watanzania walioko nyumbani, lakini Johannesburg ni siku ya kazi kama nyingine, kwa hiyo sherehe yake isogezwe Jumamosi ya karibu bila kuona haya. Wanaotoka pwani huogopa baridi ya Julai, na kweli usiku wa mji huu ulio juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari hauna huruma, lakini mchana wa kipupwe ni mkavu na wa jua, wakati mvua za radi za alasiri ni mambo ya Novemba hadi Machi, na ndizo zinazoharibu nyama choma ya bustanini.

Desemba ndiyo hupendwa na kura zote, kwa kuwa ndiyo likizo pekee ambayo shule za Afrika Kusini, Kenya na Tanzania hukutana kwa urefu. Ni chaguo baya hata hivyo. Mji unahama, nauli za ndege zinapanda, na mpaka wa Beitbridge, ambao wasafiri wa mabasi kutoka kituo cha Park kuelekea Harare, Lusaka na Tunduma hupitia, huzibwa na foleni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nayo ina pande mbili: aliyeajiriwa anaipenda kwa kuwa mshahara umeingia, mwenye duka Fordsburg haitaki kabisa kwa kuwa ndiyo siku yake ya kuuza. Kundi lenye wafanyabiashara wengi lichague Jumapili ya katikati ya mwezi na kuacha ubishi. Kuhusu Idi, Afrika Kusini haiifanyi sikukuu ya taifa kama Kenya na Tanzania, na kwa kuwa mwandamo wa mwezi unaweza kutofautiana kwa siku moja kati ya nchi na nchi, mkutano uliowekwa karibu yake uachiwe walau wiki nzima.

Ukumbi ukodishwe kwa maandishi, na kabla ya amana kulipwa mwenye ukumbi aulizwe idadi ya watu anaoruhusiwa kuwaingiza, ambayo Johannesburg huandikwa kwenye cheti cha idadi kinachotolewa na idara ya huduma za dharura ya jiji. Sheria ya Usalama wa Matukio ya mwaka 2010 inalenga sehemu zenye uwezo wa watu 2,000 au zaidi na haiyagusi makundi madogo, lakini sababu ya kuwepo kwake inawagusa wote: Aprili 11, 2001 watu 43 walikufa kwa msongamano katika uwanja wa Ellis Park wakati wa mchezo wa Kaizer Chiefs na Orlando Pirates. Aulizwe pia kuhusu tangi la maji, kwa kuwa mgao wa umeme umepungua tangu mwaka 2024 lakini mabomba ya Johannesburg hukauka bila taarifa. Treni ya Gautrain humfikisha mgeni Sandton kutoka uwanja wa ndege wa OR Tambo kwa takriban robo saa, ila haifiki Yeoville wala Mayfair, na anayeshuka kituo cha Park usiku na begi lake apokelewe na mtu, asiachiwe ramani ya simu.

Yapo pia mambo ya usalama ambayo watu huyanong'ona badala ya kuyapanga. Juni 16 ni siku ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976, na miaka ya karibuni imekuwa pia siku ambayo maandamano dhidi ya wageni yanaweza kupita barabarani. Kundi linalopinga wageni, Operation Dudula, lenyewe lilianzia Soweto mwaka 2021. Mahakama Kuu ya Johannesburg iliamua Novemba 2025 kwamba watu binafsi hawana mamlaka ya kumdai mtu pasi au kitambulisho, kazi ambayo ni ya polisi na maafisa wa uhamiaji pekee. Kila mshiriki aelezwe hivyo mapema, abebe nakala iliyothibitishwa ya hati yake, na mahali pa mkutano pasitangazwe hadharani bali patumwe kwa waliothibitisha tu.

Wenyeji wanaofikiria mapumziko ya Siku ya Urithi, Septemba 24, na walio na mgeni wa Kampala, Bujumbura au Bukavu, waandike barua ya mwaliko kabla ya Juni kwisha, wakagonge muhuri nakala zao wiki hiyo hiyo, kwa kuwa muhuri uliopita miezi mitatu mara nyingi hukataliwa, na kura ya tarehe waifungue baada ya kujua nani ana karatasi gani.