KUTENGENEZA BEDE ILIYOPASUKA: FAIDA AO HASARA?



Mbele ya likizo tulikuta katika maktaba bede moja yenye ganda lililopasuka. Mara moja tulileta skochi na kole ya muhogo, na pahali rangi ilitoka tukapaka biki nyekundu. Tulijisifu sana. Sasa tumejua kama tulikosa, na tunataka kuwaeleza sababu.

Kuna watu duniani wanaokusanya bede za zamani na kuzilipa bei kubwa. Kwa mfano, Tintin au Congo ya Mbelgiji Hergé ilitoka kama kitabu mwaka 1931, bila rangi. Ile ya rangi ilitoka mwaka 1946. Mwenye ile ya kwanza anaichunga kama yai.

Huko Marekani, tangu mwaka 2000, kampuni CGC inapima hali ya bede na kuipa alama, toka 0,5 mpaka 10. Bede yenye 1 ao 2 imechoka kabisa. Basi wengine wanasema: « Imekwisha kuharibika, tukiipaka rangi tutapoteza nini? » Hapo ndipo wanapotea. Mpimaji hatazami uzuri tu, anatafuta pia kitu kilichoongezwa. Rangi mpya, kole, ao kukata pembeni ili kurasa zilingane, vyote vinahesabiwa kuwa matengenezo, na bede inapewa kikaratasi cha zambarau badala ya buluu. Kwa bede ya zamani, kole ao rangi kidogo sana inaweza kuvumiliwa, lakini inaandikwa wazi. Skochi yenyewe inahesabiwa kuwa kasoro tu. Kwa hiyo alama inapanda kidogo ao haipandi, lakini bei inashuka, juu wanunuzi wengi wanapenda iliyochakaa bila udanganyifu kuliko iliyopambwa.

Karatasi nayo inaumia. Kole ya skochi inageuka manjano na kuingia ndani ya karatasi. Kole ya muhogo inaita mende. Wataalamu wanatumia wanga wa ngano na karatasi nyembamba ya Japani, kwa sababu maji yanaweza kuiondoa tena bila kuacha kidonda.

Je, tuache vitabu vyetu vianguke? Hapana. Kitabu cha masomo ni cha kusomwa. Tukishone kwa uzi, kazi iendelee. Lakini kitu cha zamani, kama gazeti la babu ao bede ya kwanza ya mkubwa wako, tukiweke ndani ya bahasha, pahali pakavu, mbali na jua, na tusikiguse kwa biki. Kitu usichoweza kukiondoa kesho, usikitie leo.

Sisi tumetia ndani ya ile bede kikaratasi kinachosema yote tuliyoifanyia. Skochi haitoki tena, lakini msomaji hatadanganywa.