Fahamu: Jinsi mazingira ya kila siku yanavyoathiri uwezo wa kuzaa

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba maishani. Visababishi ni vingi, yakiwemo maambukizi; mazingira ni kimojawapo.

Madini ya risasi hudhoofisha mbegu za kiume na huongeza hatari ya mimba kuharibika. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, sumu hiyo ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Katika mitaa kama Mutuini, magharibi mwa Nairobi, ambako nyumba hupakana na vishamba, vyanzo vya kawaida vya sumu zinazoathiri uzazi ni vitatu. Cha kwanza ni dawa za kunyunyizia mimea. Mwaka 1977 baadhi ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko California waligunduliwa kuwa wagumba kutokana na kiuatilifu cha DBCP. Cha pili ni moshi wa kuni, mkaa, sigara na taka zinazochomwa. Cha tatu ni plastiki: kemikali zake za bisfenoli na fthalati huvuruga homoni, na huvuja zaidi chakula kikiwa moto.

Mbegu za kiume huchukua takriban miezi miwili na nusu kukomaa, hivyo manufaa ya kujikinga hayaonekani mara moja. Wenzi waliojaribu kwa mwaka mmoja bila mafanikio hushauriwa wapimwe wote wawili.