Rangi ya Dukani au ya Jikoni kwa Mtoto wa Miaka Miwili?

Ukiingia duka la vifaa vya shule Kariakoo kutafuta rangi za mtoto, utakuta visanduku vya rangi za maji zenye vidonge vikavu, chupa za rangi nzito ya maji, mirija ya akriliki na, kwenye maduka makubwa, vikopo vya rangi ya vidole kutoka nje. Muuzaji atakwambia zote ni za watoto. Kwa mtoto wa miaka miwili, ambaye kila anachoshika hukipeleka mdomoni, tofauti zake ni kubwa.

Akriliki tuiondoe mapema. Ikikauka ni plastiki, haitoki kwenye nguo wala kwenye kochi. Mbaya zaidi ni rangi ya nyumba iliyobaki kwenye kopo stoo. Baadhi ya rangi hizo, hasa za mafuta, zimekutwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ubongo wa mtoto mdogo ndio unaoumia zaidi. Hiyo usimpe hata kwa dakika moja.

Kisanduku cha vidonge ni cha bei nafuu, lakini kinadai mkono uliotulia. Mtoto mdogo atachovya brashi kila mahali, na vidonge vyote vitakuwa kahawia kabla karatasi haijajaa. Msubirishe hadi miaka minne hivi.

Rangi nzito ya maji tutairudia mwishoni. Inabaki rangi ya vidole. Kuna kiwango cha Ulaya, EN 71-7, kilichowekwa mahususi kwa ajili yake. Pamoja na mambo mengine kinataka itiwe kitu kichungu ili mtoto akilamba asirudie. Tafuta namba hiyo kwenye kopo. Maandishi matupu ya kwamba rangi haina sumu, bila kiwango chochote kutajwa, ni ahadi ya mtengenezaji tu. Kisha angalia ujazo. Chupa sita za mililita 60 zinapendeza rafuni, lakini zote pamoja hazifiki nusu lita, na mtoto anayechora kwa viganja viwili anaweza kumaliza chupa nzima kwa kikao kimoja. Hapo ndipo mzazi anaanza kumpimia kwa kijiko na kumkaripia akizidisha, na raha yote inaisha.

Sasa linganisha na jikoni. Kilo moja ya unga wa ngano ina vikombe kama vinane. Kikombe kimoja ukikipika kwa vikombe vinne vya maji unapata karibu lita moja ya rangi nzito. Ukinunua kilo kwa shilingi 2,000, lita hiyo imekugharimu shilingi 250, ukiacha moto na rangi ya kutia. Koroga unga kwanza kwenye maji baridi ili usiwe na mabonge, kisha bandika jikoni na uendelee kukoroga hadi uchemke na kuwa mzito. Usiruke hatua ya kupika, kwani unga mbichi unaweza kuwa na bakteria wa kuharisha. Uache upoe kabisa, gawa kwenye vikombe, tia rangi. Kwa joto la Dar es Salaam unachacha upesi, kwa hiyo pika wa siku hiyo.

Rangi ya chakula inatosha kwa matone machache. Bitiruti iliyochemshwa hutoa waridi, rosela hutoa wekundu wa zambarau. Kwa manjano, nunua mzizi wa binzari sokoni uutwange mwenyewe. Huko Bangladesh binzari ya unga iliwahi kukutwa imetiwa kromati ya risasi ili ing'ae. Doa la binzari likiguswa na sabuni hugeuka jekundu. Usishtuke, anika nguo juani na mwanga utalififisha.

Gharama inayosahaulika ni usafi. Nyumba inayonunua maji kwa dumu haiwezi kuhesabu chupa ya rangi peke yake. Mchoreshe uani au bafuni kabla tu ya kuoga, akiwa na nepi au chupi tu, na maji yale yale ya kuogea yasafishe mtoto na sakafu. Karatasi mpya pia ni hasara, kwani mtoto hujaza moja na kudai nyingine papo hapo. Katoni iliyopasuliwa na nyuma ya kalenda ya mwaka jana vinafaa zaidi. Mfuko wa saruji usiutumie, vumbi lake huunguza ngozi na macho.

Wapo akina bibi watakaokataa unga kuchezewa wakati kuna nyumba imelala njaa, na wana haki ya kusema hivyo. Kwao lipo jibu lisilogharimu senti: kikopo cha maji, brashi kuukuu, na sakafu ya saruji yenye jua. Maji huacha alama nyeusi, hukauka, mtoto anaanza upya. Kwa wa mwaka mmoja na nusu huo ni uchoraji kamili, maana kinachomfurahisha ni kuona mkono wake umeacha alama.

Kwa aliye chini ya miaka mitatu, basi, pika unga au mpe maji. Akiacha kulamba vidole, nunua chupa tatu kubwa za rangi nzito ya maji zinazosema zinafulika: nyekundu, manjano na bluu. Rangi nyingine atazichanganya mwenyewe.