Mbarika, Chembe na Kinga ya Mwili

"Dada, ni kweli kuna dawa inayoiamsha kinga ya mwili ipigane na saratani ya titi?" Aliyeniuliza ni jirani anayekata waridi katika shamba la maua upande wa Naivasha, na mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Longonot. Ni kweli, na ndani yake mna kisa cha mbarika, huu huu unaojiotea kando ya njia.

Paclitaxel ni dawa iliyozoeleka ya saratani ya titi. Haiyeyuki majini, kwa hiyo huyeyushwa kwa kemikali itokanayo na mafuta ya mbarika. Kemikali hiyo huwaletea wengine mzio mkali, hata wakashindwa kupumua, ndiyo maana mgonjwa hupewa steroidi kabla ya dripu. Nazo steroidi hupoza kinga.

Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha Abraxane: paclitaxel ileile, ila imeshikizwa kwenye albumini, protini ya damu, katika chembe za nanomita 130 hivi. Unywele una upana wa nanomita 80,000 hivi. Mbarika ukatoka, na kwa kawaida steroidi hazihitajiki tena.

Mwaka 2018 yalitoka majibu ya utafiti wa IMpassion130, uliounganisha chembe hizo na atezolizumab, dawa inayozuia saratani kuizima kinga. Wagonjwa walikuwa na saratani iliyoenea, isiyo na vipokezi vitatu (estrojeni, projesteroni na HER2), aina inayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Walioonekana na protini ya PD-L1 kwenye uvimbe, ugonjwa wao ulitulia miezi 7.5 badala ya 5. Huo si uponyaji, na sitamwambia jirani yangu kwamba ni uponyaji. Atezolizumab ilipojaribiwa na paclitaxel ya kawaida, majibu ya 2020 hayakuonyesha faida. Baadhi ya madaktari walishuku steroidi, lakini haijathibitishwa. Mwaka 2021 kampuni ya Roche iliyaondoa matumizi ya atezolizumab kwa saratani hii Marekani, na leo pembrolizumab, dawa nyingine ya kinga, ndiyo inayotegemewa zaidi.

Sasa maabara zinatia maelekezo ya kuifunza kinga ndani ya chembe za mafuta, za aina iliyobeba chanjo za korona za Moderna na Pfizer. Shida ni safari: mwaka 2016 Warren Chan na wenzake wa Toronto walipopitia tafiti za wanyama, walikuta kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya chembe hufika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Hivyo wengine wanazielekeza kwenye tezi za limfu, makao ya kinga yenyewe.

Ukikatwa kipande cha uvimbe, iwe Naivasha, Kijabe au Nakuru, dai majibu ya vipokezi vitatu: estrojeni, projesteroni na HER2. Vyote vikikosekana, mwulize daktari kuhusu PD-L1 na dawa ya kinga. HER2 ikiwa nyingi, uliza kuhusu dawa ya Herceptin. Karatasi ya majibu itolee nakala uiweke nyumbani.