Tazama Jicho la Kamera Kabla ya Kulipa

Pengine umeuza kahawa na ndizi, ukaweka akiba. Sasa unataka kununua kamera. Unataka kupiga picha za ubatizo, kipaimara na harusi huko Marangu, Kibosho au Rombo, ili upate fedha. Ni kazi nzuri. Lakini fedha ya kahawa ya mwaka mzima inaweza kupotea siku moja tu pale Moshi mjini.

Je, simu haitoshi?

Kwa kuanzia inatosha. Simu nzuri hupiga picha safi mchana. Picha ya megapikseli 12 yaweza kuchapishwa kwa ukubwa wa inchi 10 kwa 12, ikatundikwa sebuleni. Basi muuzaji asikubabaishe kwa kutaja megapikseli nyingi. Simu hushindwa usiku, kanisani penye giza, na ukiwa mbali na watu. Hapo ndipo inapohitajika kamera yenye lenzi kubwa na flashi.

Kununua kamera iliyotumika

Wengi hununua iliyotumika. Si vibaya. Kwanza tazama lenzi, yaani jicho la kamera. Ielekeze kwenye mwanga, uchungulie ndani. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache, hata kama bei ni ndogo. Kuvu huharibu kioo. Kisha piga picha ya ukuta mweupe, uikuze, utafute madoa. Washa flashi mara kadhaa. Uliza chaja iko wapi. Dai risiti, maana kamera isiyo na risiti yaweza kuwa ya wizi, nawe ukajikuta polisi.

Usimalize fedha zote kwenye kamera. Bakiza za betri ya pili, memori kadi mbili na stendi ya miguu mitatu. Harusi hairudiwi. Betri ikizimika wakati maharusi wanavishana pete, utamwambia nini baba wa bibi harusi?

Kuitunza na kuitumia

Wakati wa masika ukungu hushuka mpaka kwenye migomba. Kamera iliyofungiwa ndani ya mkoba wa ngozi huota kuvu. Iweke mahali pakavu penye hewa, na uitumie mara kwa mara. Wazee wetu huhifadhi mahindi darini juu ya moto. Kamera si mahindi! Moshi huchafua lenzi.

Nawe kijana unayebeba mizigo ya wageni mlimani, jua kwamba betri huishiwa nguvu upesi kwenye baridi. Iweke ndani ya koti, karibu na mwili. Ukitoka kwenye baridi kali kuingia chumba chenye joto, funga kwanza kamera ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ngoja saa moja au mbili, ipate joto polepole. Usipofanya hivyo, itaingia umande.

Theluji na shela ya bibi harusi zina tatizo moja. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza. Theluji huwa ya kijivu, na uso wa bibi harusi huwa giza. Ukitumia simu, gusa uso wake kwenye kioo. Ukitumia kamera, ongeza mwanga kidogo. Pia mtoe chini ya migomba, maana jua linalopenya majani humtia madoa usoni.

Picha za mwaka 1912

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipanda Kilimanjaro. Klute alitumia picha zilizopigwa safari hiyo kuchora ramani ya mlima. Barafu ilikuwa kilomita za mraba kama 12. Wataalamu walipoipima mwaka 2011, ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2. Wazee husema weupe ulishuka chini zaidi zamani. Picha zile zinawaunga mkono.

Nawe waweza kufanya hivyo. Amka alfajiri, kabla mawingu hayajafunika Kibo. Piga picha ukiwa umesimama mahali pale pale kila mwaka. Ichapishe, na nyuma yake uandike tarehe na jina la kijiji.